Mausi Kwenye Mkono wa Kushoto

Joyce na Asha, mnaobaki dukani, someni hii mkiwa mmeiachia mausi ya kompyuta. Najua mmeishika. Iachieni kwanza.

Mimi nimestaafu. Wanaocheka wacheke. Miaka thelathini na mmoja, mtoto mmoja mgongoni, mwingine tumboni, halafu anajiita mstaafu! Lakini nimekikalia kile kiti cha steshenari hapo Kilindoni miaka kumi na mmoja, na kiti kimelika upande mmoja kwa ajili yangu, kwa hiyo nina haki ya neno hilo. Vyeo sitaviandika, maana pale dukani cheo kilikuwa kimoja na Bosi Elia alikuwa amekikalia. Mshahara nao siuandiki, nisije nikakasirika kabla ya wakati wake.

Naandika juu ya mausi. Mnaona ni jambo dogo. Mimi pia niliona hivyo. Mtu akianza kazi pale anafundishwa kuskani, kuprinti, kupiga picha za pasipoti, kujaza maombi ya watu mtandaoni. Kile chombo anachokishika kutoka asubuhi mpaka adhana ya alasiri na kuendelea, hakuna anayemfundisha kukichagua. Anapewa kilichopo. Mimi nilipewa kilichopo, na kidogo nipoteze mkono. Hasira yangu yote inatoka hapo, na sitaificha.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa baibui jipya na viatu vya kubana, nikidhani kazi ya kompyuta ni kazi ya kukaa. Aliyekuwepo ni Dada Tatu, mwanamke wa Baleni, mwembamba, mpole, aliyeijua kazi ile kuliko mwenye duka. Alinitazama miguu kwanza.

"Hivyo viatu vivue, Mwanaidi. Humu utasimama kwenye fotokopi mpaka ujute."

Kisha akanipa chupa ya chai niifungue. Ilikuwa desturi ya duka, na mnaikuta mpaka leo: mgeni wa kazi ndiye anayefungua chupa asubuhi na kummiminia kila aliyemo ndani, hata mteja aliyewahi. "Kwa mkono wa kulia, eeh," Dada Tatu akaniambia, kama vile mimi nimeokotwa ufukweni. Nani Mafia hii hajui kwamba kikombe hakitolewi kwa kushoto? Nikamimina. Kifuniko cha ile chupa kilikuwa kigumu, lakini mkono wangu wakati huo ulikuwa wa miaka ishirini, ulifungua chochote.

Mausi niliyoikuta ilikuwa ya kale, ile yenye gololi ya mpira tumboni, imegeuka rangi kama meno ya mvuta tumbaku. Mshale ukawa unakwenda kushoto na kulia lakini juu haupandi. Nikaipigapiga mezani.

"Unaipiga kwa nini, imekutukana?" Dada Tatu akanishika mkono. Akaipindua, akazungusha kifuniko cha chini, gololi ikamwangukia kiganjani. Mle ndani mna viringio viwili vidogo, na kila kimoja kilikuwa kimevaa mshipi wa uchafu: vumbi, jasho, nyuzi za karatasi. Akaukwangua kwa kucha, akapangusa kwa pamba yenye spiriti, akairudisha gololi. Mshale ukapanda. "Chombo kikigoma, kwanza kisafishe, ndiyo ukitukane," akasema. Huo ndio ufundi wa kwanza niliopewa, na mpaka leo ninautumia kwa vyombo na kwa watu, ingawa kwa watu mara nyingine naanza na kutukana.

Baadaye Bosi Elia akaja na mausi mpya kutoka Dar, zile za taa nyekundu chini. Katika safari hiyohiyo akaja na kioo, akakilaza juu ya meza ndefu ili duka lipendeze, na chini ya kioo akapanga picha za watu kama sampuli. Tukawasha. Mshale ukawa unaruka kama panzi. Ukiupeleka kwenye herufi unatua pembeni ya skrini, ukiuita hauji.

"Hivyo ni virusi," Bosi Elia akasema. Yeye ni mtu wa Moshi, mchapakazi, mwepesi wa kuamua. Akafuta kompyuta nzima, akaweka kila kitu upya, siku mbili duka limelala. Mshale ukaendelea kuruka. Siku ya tatu Dada Tatu akachana jalada la daftari kuukuu, akaliweka juu ya kioo, akaiweka mausi juu yake. Ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Ile taa inahitaji kitu cha kutazama, na kioo safi hakina cha kutazamwa. Virusi vyenyewe vilikuwa kioo. Kesho yake Bosi alikuja na majalada manne.

Kesi iliyonifundisha kuziogopa mausi nzee ilikuwa ya binti mmoja wa Juani. Alivuka na mashua asubuhi na bahasha ya vyeti kifuani, aje kuomba chuo. Siku ya mwisho ya maombi, kama kawaida yetu. Nikamjazia, nikabonyeza kuendelea, nikabonyeza tena, nikatuma. Akaondoka anacheka, akaiwahi mashua ya kurudi. Mimi napitia karatasi iliyotoka kwenye printa, naona ukurasa wa vyeti haumo. Umerukwa. Nilibonyeza mara moja, mausi ikabonyeza mara mbili, ikavuka ukurasa mzima bila ruhusa yangu.

Tuliwaandikia wenye chuo, tukawapigia, Dada Tatu akaongea nao kwa ile sauti yake ya kumbembeleza hata mwenye deni. Siku ya tatu wakamfungulia fomu. Yule binti alivuka tena, na safari hii nilijaza yote kwa kibodi tupu, mausi nimeichomoa nimeitupia kwenye droo. Alipata chuo. Lakini nusura aukose mwaka mzima kwa sababu ya bonyezo lililoliwa na chumvi. Hewa yetu hii inakula kila chuma, hata kilichojificha ndani ya plastiki. Kwa hiyo kila Jumatatu fanyeni hivi: wekeni mshale juu ya faili, bonyezeni mara moja, mtulie, mbonyeze tena, mara ishirini. Faili inatakiwa kuchaguliwa tu. Ikifunguka yenyewe hata mara moja, hiyo mausi ni ya kutupa. Msiihurumie, haitawahurumia.

Za bila waya nazo tulizijaribu. Ni nzuri, zinapunguza vurugu mezani, lakini kile kidude chake cha kuchomeka ni kidogo kama punje ya hindi, na watu wakichomoa flashi zao wanaondoka nacho. Viwili vilikwenda hivyo. Kimoja nadhani kiko Kirongwe mpaka leo, kwenye begi la mtu asiyejua anacho nini.

Dada Tatu akaacha kazi mwaka wa sita. Alisema anakwenda kumtunza mama yake. Nikaamini.

Halafu nikamzaa Nasra. Nikarudi dukani mtoto ana miezi minne, amefungwa mgongoni au amelala kwenye kanga chini ya meza, na kazi ni ileile. Mwezi wa pili mkono wa kulia ukaanza. Kwanza ganzi, kisha moto kwenye kifundo upande wa kidole gumba, kisha asubuhi naishika ile chupa ya chai, kifuniko hakizunguki. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Paka mafuta ya nyonyo. Funga kitambaa. Bosi Elia akasema, "Mwanaidi, wenzako wanalima mihogo, wewe unasukuma kitu chenye uzito wa yai, unachoka nini?" Lile la yai nimelihifadhi moyoni. Nitakufa nalo.

Kwa kuwa hakuna aliyenisaidia, nikajisaidia. Nikaihamishia mausi mkono wa kushoto. Kwenye mpangilio wa kompyuta kuna pahala pa kugeuza vibonyezo, cha kulia kiwe cha kushoto. Siku tatu za mwanzo nilikuwa kama mlevi. Picha za pasipoti nilizokata wiki ile, kuna watu wana vitambulisho vyenye sikio moja mpaka leo, na ninawaomba radhi. Wiki ya pili mkono ukashika njia, na wa kulia ukaanza kupumua.

Hapo ndipo akaingia Bi Kidawa.

Bi Kidawa ni bibi wa Dongo, mtu wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, hakuna kinachosimama bila yeye. Alikuja na orodha ya kadi za harusi ya mjukuu wake, kila kadi na jina la mwalikwa wake, akakaa nyuma yangu kwenye benchi ili asiache jina likosewe.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Anza na wa upande wa bwana, wale ndio wagomvi."

Nikaanza. Nikaandika majina kama sita hivi. Halafu:

"Mwanaidi, mkono gani huo?"

"Wa kushoto, bibi. Wa kulia unaumwa."

"Unaitengeneza harusi ya mjukuu wangu kwa mkono wa kushoto? Mkono wa msalani?" Akasimama. "Wewe umelelewa na nani? Kadi hii inataja jina la Mungu juu yake, kisha unaisukuma kwa huo! Nipe orodha yangu."

Duka lilikuwa limejaa. Watu wakageuka. Mmoja akacheka puani. Bosi Elia akatoka chumba cha nyuma mbio, akamsihi, akamrudisha kwenye benchi, akaniinamia sikioni: "Mwanaidi, mimi mila zenu sizijui, ila mteja namjua. Rudisha mkono wa kulia. Kama hauwezi, niambie leo nitafute anayeweza."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: mkono au kiti. Nikairudisha mausi kulia, nikamaliza kadi zote za Bi Kidawa, majina mia na kitu, nimeuma meno. Na kosa hilo ni langu, siwezi kumtupia mtu mwingine. Nilijua ninaumia, nikaendelea kwa aibu.

Jioni yake nilikuwa namwogesha Nasra kwenye beseni. Nikamwinua kwa kwapa, mikono miwili, kama siku zote. Kidole gumba cha kulia kikaachia. Chenyewe tu, kikaachia, kama kamba iliyooza. Mtoto akateleza upande mmoja. Nilimdaka kwa wa kushoto, mguu wake mmoja tayari uko majini, yeye anacheka, anadhani ni mchezo. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji na mtoto kifuani. Bakari, mume wangu, akaja mlangoni, akauliza kulikoni. Nilikuwa silii. Nilikuwa na hasira mpaka naona vibaya.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda Baleni kwa Dada Tatu. Nilimkuta uani anafua. Au tuseme anasimamia kufua, maana mpwa wake ndiye aliyekuwa anakamua nguo. Nikautazama mkono wake. Akauficha kwenye kanga. Nikaelewa.

"Dada Tatu! Hukuja kumtunza mama."

"Mama nilimtunza pia."

"Ulikuwa unaumwa, ukanikalisha kwenye kiti kilekile, ukaninyamazia?"

"Ningesema nini? Kwamba mausi imenivunja mkono? Wangenicheka."

"Wamenicheka mimi!" nikapiga kelele, kuku wakakimbia. "Jana ningemwangusha mwanangu! Unanifundisha kukwangua uchafu kwenye gololi, hilo hunifundishi?"

Akautoa mkono kwenye kanga. Kisha akasema polepole, "Nilikuwa sijui kama ni kazi. Nilidhani ni mimi."

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi zaidi, nikayarudisha. Huwezi kumgombeza mtu aliyeumia akadhani amejiumiza mwenyewe. Lakini njiani kurudi nikaapa kwamba atakayekaa kile kiti baada yangu hatadhani hivyo. Kiapo hicho ndicho mnachokisoma.

Hospitali nilimkuta Sista Neema, dada wa Iringa wa mazoezi ya viungo, mfupi, mcheshi, ana vidole vya chuma. Hakuniuliza umri wala dini. "Nionyeshe panapouma kwa kidole kimoja. Kimoja, usinionyeshe mkono mzima kama unaonyesha shamba." Nikamwonyesha chini ya kidole gumba. Akaniambia nikifiche hicho kidole ndani ya ngumi, kisha niinamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho. Nilipiga ukelele uliomtoa mgonjwa wa chumba cha pili.

"Haya," akasema, kama mtu aliyepata alichokitafuta. "Huu ni mkono wa mama mzazi. Unambeba mtoto kwa vidole gumba kutwa, kisha unakwenda kubana mausi kwa kidole gumba kilekile. Hakilali hata mchana mmoja."

"Kwa hiyo niache kazi?"

"Nimesema uache kazi? Kwanza mtoto usimwinue kwa kwapa. Mchote, viganja juu, kama unachota mchanga. Pili vaa hiki kigango cha kukishikilia kidole, wiki sita. Tatu, badilisha chombo. Unatumia mausi gani?"

Nikamwambia: iliyopo. Akacheka mpaka akashika meza. "Viatu unavaa vilivyopo?"

Joyce, Asha, hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilijua kwamba mausi inachaguliwa kama kiatu.

Sasa sikilizeni nilivyokosea, msirudie. Nilimpigia muuzaji wa Kariakoo, nikamwambia nataka mausi ya mtu anayeumwa mkono. Akanitumia ile ya kusimama, inayoshikwa kama unampa mtu mkono. Ilikuja na boti ya Nyamisati, nikaipokea gatini kama mgeni wa heshima. Mawazo yake ni mazuri, kifundo hakipindi. Lakini ilikuwa ya mkono wa mwanamume mkubwa. Vidole vyangu havikufika kwenye vibonyezo, nikawa naikumbatia badala ya kuishika. Kabla hamjaagiza, pimeni mkono kutoka mstari wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, mumtajie muuzaji urefu. Asipojua kwa nini mnamtajia, tafuteni muuzaji mwingine.

Ya pili ilikuwa mausi ya gololi. Msidhani ni ile ya kale. Hii gololi iko juu, kubwa kama limau dogo, mausi yenyewe imekaa palepale haiendi kokote, unachosukuma ni gololi tu. Nilifurahi mno. Meza yetu imejaa karatasi, mausi isiyohitaji pa kutembea ni neema. Lakini nilileta yenye gololi pembeni, inayozungushwa na nini? Na kidole gumba. Kilekile! Nilikuwa nimemtoa mgonjwa kitandani nikampa jembe. Nilimpelekea Sista Neema, akaishika, akanitazama tu. "Mwanaidi, nilikwambia panauma wapi?"

Ya tatu ndiyo hii mnayoiona hapo mezani, gololi katikati, umbo lake kulia na kushoto ni sawa. Unaizungusha kwa vidole viwili vya kati, kidole gumba kinabonyeza tu, kidogo. Mkono ukichoka unahamia wa pili, huna haja ya kununua nyingine. Kazi ngumu ni kuburuta kitu, mfano kukata picha, maana unabonyeza na kuzungusha kwa pamoja. Niliona dawa yake: kwenye mpangilio mnaweza kulifanya bonyezo lishike lenyewe mpaka mguse tena. Ongezeni na kasi ya mshale, mkono usisafiri bure. Gololi ikikwama, isukumeni kutoka tundu la chini, mpanguse zile punje tatu inazokalia. Chombo kikigoma, kwanza kisafishe. Mnajua sasa ni maneno ya nani.

Lakini gololi ile haikumaliza neno la mkono. Sista Neema alisema wiki sita wa kulia upumzike. Maana yake kushoto. Nikarudi dukani na kigango mkononi na gololi kushoto, nikamwambia Bosi Elia mbele ya wateja, bila kushusha sauti:

"Bosi, huu wa kulia ndio ninaombebea mtoto. Siutoi tena. Nitafanya kazi yako yote kwa wa kushoto, na usipoitaka, tafuta huyo anayeweza. Ila mwambie kabla hajakaa kwamba Tatu hawezi kukamua nguo. Mwambie na mimi nusura nimwangushe mwanangu kwenye beseni."

Bosi alikuwa hajui habari ya Tatu. Nilimwona anahesabu moyoni miaka aliyokaa na yule mwanamke duka moja asiuone mkono wake. "Kaa," akasema hatimaye. "Kaa ufanye kazi. Wateja nitajua mimi."

Wateja hakuwajua. Mteja mwenyewe alikuja wiki ya pili: Bi Kidawa, safari hii na tangazo la hitima. Akaketi kwenye benchi, akatoa ukili wake wa kushona mkeka mfukoni mwa baibui, akaendelea kusuka anisubiri. Mnajua bibi zetu, mkono hauwezi kukaa bure. Nikamsalimu, akaitikia kwa pua. Nikaanza kuandika. Kushoto. Nikasikia ukili umesimama.

Nikageuza kiti.

"Bi Kidawa, na mimi nikuulize. Huo ukili unausuka kwa mkono gani?"

"Una wazimu? Ukili husukwa kwa mikono miwili."

"Na mkeka ukishonwa, watu wanauswalia?"

Sikusubiri jibu.

"Msala wako umeusuka kwa kulia na kushoto, na sala inapita," nikasema. "Mimi kikombe sikitoi kwa kushoto, na chakula sili kwa kushoto. Hii ni kazi, bibi. Mkono huu mwingine mgonjwa, na nina mtoto."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilijua nimevuka mpaka, mkubwa hajibiwi vile. Kisha akautazama ukili wake, kisha mkono wangu wenye kigango.

"Kwa huo mdomo ulionao," akasema, "ungeweza kuisukuma hiyo gololi kwa ulimi." Duka likalipuka kwa kicheko, na yeye mwenyewe hakucheka. "Andika. Na usikose jina la marehemu. Mimi na wewe hatujamalizana."

Wiki sita zikaisha. Mkono wa kulia ukarudi kidogo kidogo, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyogombana nayo. Tangu hapo nimefanya kazi kwa zamu: asubuhi kushoto, mchana kulia, na kila saa nasimama nafungua viganja. Bosi Elia akaniuliza siku moja, kana kwamba ni wazo lake, kama kila meza haistahili gololi yake. Nikamwambia hapana, kila mtu aupime mkono wake kwanza. Ndiyo maana Joyce, wewe una mausi ndogo ya kawaida, mkono wako ni mfupi na hauumwi. Na Asha una ya kusimama, ya saizi yako. Hakuna mausi bora. Kuna mkono wako na panapouma, na kama hapaumi, kuna pale patakapouma kesho usipoangalia. Ushikeni huo msemo, au tungeni wenu.

Na mkiumwa, semeni. Semeni siku hiyohiyo, kwa sauti, mbele ya watu. Atakayewacheka mleteni kwangu.

Naondoka kwa sababu nina mimba ya miezi saba, na mkono huu umeshaniambia unachofanya nikiwa na mtoto mchanga na kiti kile kwa wakati mmoja. Safari hii sisubiri unikumbushe. Sikufukuzwa, sikushindwa. Naondoka nao ukiwa mzima, na hilo Dada Tatu hakulipata. Jumamosi nilimwita aje awaone. Mlimwona, yule mwembamba aliyekaa na Asha mchana kutwa akimfundisha kupanga kadi. Hakugusa mausi. Alikuwa anaeleza kwa mdomo, na mshale unakwenda. Bosi Elia amemwambia aje kila Jumamosi.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, niliwahi kufika. Kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu, Bi Kidawa, na karatasi ya kadi za akika. Joyce akaniuliza kwa macho ashike mausi kwa mkono gani. Bi Kidawa akamjibu kabla yangu: "Kwa unaokutii, mwanangu. Mimi nataka majina tu."

Nikaiendea ile chupa ya chai. Si kazi yangu tena, ni ya mgeni, lakini nilimwambia Asha akae. Kifuniko ni kilekile kigumu. Nikakishika kwa wa kulia, nikazungusha. Kikafunguka mara moja, bila maumivu, hata nikatazama kama kweli kimefunguka. Nikammiminia Bi Kidawa, nikampa kikombe kwa mkono wa kulia.

Akakipokea kwa kulia. Akanywa. "Sasa huo ndio mkono," akasema.

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Huu nimeutunza kwa hili."